Ndugu zangu wako Tanga, Muscat na Ngozi: kibali cha usalama Marekani nitakipata kweli?

#1 Fundi Nyaya
Wakuu, salaam. Niko Maryland, niliapa uraia wa Marekani miaka kadhaa iliyopita. Sasa nimepata ofa kwa mkandarasi wa serikali, kazi ya mitandao ya kompyuta, mshahara wa kunisahaulisha kabisa kwamba niliwahi kubeba boksi. Ila kuna sharti la kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali, na mimi ni ngazi ya siri. Wamenitumia fomu yao, SF-86, kurasa zaidi ya mia. Nyumba nilizoishi nimejaza, kazi nimejaza, nilipofika kwenye ndugu nikakwama.

Ukoo wenyewe huu hapa. Baba ni mstaafu wa JWTZ, yuko Tanga. Mama ni Mzanzibari, kaka zake wawili walikwenda Muscat baada ya Mapinduzi na hawakurudi, na mtoto wa mmoja wao ni askari polisi huko. Mke wangu Mrundi, wakwe wako Ngozi na kahawa yao. Baba ana watoto kwa mama mwingine, wengine hata sura sizijui. Na kila mwisho wa mwezi natuma hela nyumbani kama ilivyo ada.

Jamaa mmoja kaniambia kwa ukoo huu nisijisumbue, watanikata asubuhi tu. Kweli? Mwenye uzoefu ashushe nondo.

#2 Mangi Mkimya
Naweka kiti hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Sajini wa Songea
Huyo jamaa anakutisha bure. Mimi nimetumikia jeshi la huko mpaka nimestaafu, kibali nilikuwa nacho muda wote, na mama yangu mzazi hajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania.

Iko hivi. Wanafuata miongozo 13 iliyo kwenye waraka unaoitwa SEAD 4, unatumika tangu Juni 2017. Habari za ndugu wa nje ziko Mwongozo B. Hakuna palipoandikwa kwamba mwenye ndugu nje hapati. Wanachouliza ni kama huyo ndugu anaweza kutumiwa kukubana, kukurubuni au kukulazimisha. Kwa hiyo wanaangalia yuko nchi gani, anafanya kazi gani, serikali ya huko ina mkono gani kwake, na wewe mnawasiliana kiasi gani. Upande wa pili wanaweka maisha yako ya Marekani: mke, watoto, nyumba, kazi, umekaa muda gani.

Kuhusu mzee utaulizwa alikuwa na cheo gani, alistaafu lini, pensheni analipwa na nani. Jibu kama ilivyo. Yule polisi wa Muscat ni mtoto wa mjomba, hayumo kwenye orodha ya ndugu wa lazima. Ataingia sehemu ya watu wa nje unaowasiliana nao ikiwa mmekuwa na ukaribu wa kweli ndani ya miaka saba iliyopita. Kama mnakutana kwenye grupu la ukoo siku ya Idi tu, hiyo ni habari nyingine.

#4 Jicho la Tatu
Mkuu #3 hiyo chai, labda enzi zenu. Kwa ile ngazi ya siri kuu yenye mambo ya kijasusi, familia yako ya karibu yote lazima iwe raia wa Marekani. Mama yuko Songea? Umekwisha. Acheni kumpa mwenzenu matumaini hewa.

#5 Dada wa Reston
Jicho la Tatu, sharti hilo lilikuwepo kweli kwa taarifa za kijasusi, na hata wakati huo msamaha uliwezekana. Lililegezwa 2008, baada ya wakubwa kuona wanawafukuzia mbali watoto wa wahamiaji wenye lugha zile zile wanazozitafuta kwa tochi. Na mleta mada wala hajaomba hiyo. Ngazi ziko tatu, yeye kaambiwa ya katikati.

Nimekaa ofisi za rasilimali watu kwa wakandarasi, kwa hiyo naongeza moja. Kibali huombi mwenyewe, mwajiri ndiye anakudhamini, na mwombaji halipi senti. Ukiona mtu kwenye magrupu yetu anauza huduma ya kuharakishiwa upekuzi, huyo tapeli.

#6 Jicho la Tatu
Sawa madam. Basi nielezeni hili. Shemeji yangu, Msomali aliyekulia Eastleigh, raia wa Marekani, hana deni, hana kosa hata la maegesho. Kaka yake yuko Mogadishu. Wamemkata. Mnaniambia si ndugu?

#7 Sajini wa Songea
Hakuna aliyesema ndugu hawahesabiki. Soma tena #3, nimetaja nchi kwanza kabisa. Kaka huyo huyo angekuwa Leicester shemeji yako angekuwa kazini leo. Mogadishu kuna Al-Shabaab, wanaweza kumshika mtu kesho na kukupigia simu. Kwa China, Urusi na Iran hofu ni ya aina nyingine, huko serikali yenyewe ndiyo inayowinda siri. Mimi nasema nchi ndiyo inaamua karibu kila kitu.

#8 Bint Makadara
Ndugu Sajini, usiwalaze watu usingizi. Tanzania na Kenya kwenye makaratasi yao si pepo. Ukifika mbele ya jaji wa utawala anayesikiliza kesi za vibali, nchi yako inasomwa kwa ripoti za serikali yao wenyewe: ugaidi, haki za binadamu, ujasusi. Sasa hesabu wenyewe. 7 Agosti 1998 Nairobi na Dar siku moja. Westgate 2013. Garissa 2015, watu 148. Jaji akimaliza kusoma hayo atakuuliza: na mamako yuko Kisauni?

Na urafiki wa nchi peke yake hausaidii. Israeli na Taiwan ni marafiki wakubwa wa Marekani, na bado wenye ndugu huko hutolewa jasho. Asiyeamini akasome maamuzi ya DOHA, ile ofisi ya rufaa ya Wizara ya Ulinzi. Wanayaweka mtandaoni, majina wameyafuta, kila mtu anasoma. Mimi huyasoma usiku nikikosa usingizi. Kuna wa nchi moja, ndugu wale wale, huyu kapewa na yule kanyimwa. Ukisoma sana utaona jaji naye ni bahati yako.

#9 Mzee wa Gerezani
Mimi sina kibali wala sitaki, lakini hii kitu inanichekesha. Waliowauza Wamarekani vibaya ni nani? Aldrich Ames wa CIA, alikamatwa 1994. Robert Hanssen wa FBI, 2001. Wazungu wa kwao, hawana mjomba Muscat, hawana shangazi Ngozi. Walitaka hela. Halafu leo wanamhoji kijana wa Tanga kuhusu mama yake.

#10 Nyaraka
Mzee, kwa Hanssen uko sawa, mtu wa Chicago na mkewe Mmarekani. Ames sivyo. Mke wake Rosario alikuwa Mkolombia, alimkuta Mexico City akifanya kazi ubalozi wa Kolombia, akamwandikisha kama chanzo cha CIA kisha akamuoa. Ndugu wa nje alikuwa nao, tena mkwe anayetembelewa.

#11 Mzee wa Gerezani
Na siri aliuza Kolombia? Aliwauzia Warusi. Nyumba ya Arlington alilipa taslimu zaidi ya dola nusu milioni na hakuna aliyeshtuka. Wangeangalia benki yake badala ya ukoo wa mkewe wangemkamata mapema. Hoja yangu iko pale pale.

#12 Nyaraka
Basi chukua hizi. Mariam Thompson, mkalimani wa jeshi aliyekuwa Erbil, Iraq, alizaliwa Lebanoni. Alimpenda mtu mwenye uhusiano na Hezbollah, wakawa wanaonana kwa video, na mwisho akampa majina ya vyanzo vya Marekani. 2021 alifungwa miaka 23. Hakuna hela pale, ni moyo tu. Na hapo hapo Maryland alipo mleta mada, Agosti 2023 alikamatwa Abraham Lemma, mzaliwa wa Ethiopia, mkandarasi wa Wizara ya Mambo ya Nje, akashtakiwa kwa kuipa nchi yake ya kuzaliwa siri za Marekani. Kazi yake ilikuwa kompyuta. Unadhani mpekuzi akiona Mwafrika Mashariki mwingine wa kompyuta hafikirii hilo?

#13 Mangi Mkimya
Duh. Fundi Nyaya kama upo hai toa sauti.

#14 Omwami254
Wacha niseme ya Wakenya. Wengi wetu tuliingia jeshi kupitia MAVNI, mpango wa kuchukua wageni wenye lugha na wauguzi, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Ulianza 2008 na wakachukua watu zaidi ya 10,000. Kisha 2016 wakafunga mlango na kuwaambia waliokuwa wameshasaini: ngojeni upekuzi mpya. Vijana wakakaa, viza zinaisha, kazi hawaruhusiwi, hawarudi nyumbani hawaendi mbele. Kuna kesi iko na jina la Mkenya kabisa, Kirwa dhidi ya Wizara ya Ulinzi, 2017, jaji wa Washington akaamuru jeshi liwasainie fomu zao za uraia.

Na maswali waliyoulizwa? Baba yako, mama yako, ndugu zako wako wapi, unawapigia mara ngapi. Msee anapigia mamake kila Jumapili, inakuwa alama ya hatari. Sasa mtu asiyempigia mamake ndiye mwaminifu?

#15 Nyaraka
Omwami, tuseme na upande wa pili. Kwa njia hiyo hiyo ya MAVNI aliingia Ji Chaoqun, mwanafunzi Mchina wa Chicago, akaapishwa jeshi la akiba 2016 huku anatumwa na wizara ya usalama ya China. Alikamatwa 2018, na Januari 2023 akahukumiwa miaka minane. Alidanganya kwenye fomu kwamba hajawahi kuwa na mawasiliano na serikali ya nje.

#16 Omwami254
Mtu mmoja, Mchina, na tunalipa sisi elfu kumi. Sawa boss.

#17 Chuma Chakavu
Swali la kizushi: Obama je? Bibi Kogelo, shangazi Boston, ndugu wa kambo hawahesabiki. Kibali alipewa na nani?

#18 Dada wa Reston
Hakupewa, kwa sababu rais hapekuliwi. Wapiga kura ndio wamempa. Wabunge nao hivyo hivyo. Anayepekuliwa ni wewe wa kurekebisha printa ofisini kwake.

#19 Chuma Chakavu
Hahaha kumbe dawa ni kugombea.

#20 Nyaraka
Au kuoa vizuri. Jared Kushner, mkwe wa Trump, fomu yake ya kwanza haikuwa na majina ya wageni aliokutana nao, akairekebisha zaidi ya mara moja. Februari 2018 kibali chake cha muda kilishushwa kutoka siri kuu hadi siri, Mei mwaka huo huo akapata cha kudumu. Jaribu wewe kusahau jina moja la binamu uone.

#21 Shangazi Zai
Nyie wanaume mnazunguka tu na majasusi. Mleta mada kataja jambo moja mmeliruka wote: hela za kila mwezi.

Fomu inauliza kama UMEWAHI kumsaidia kifedha mtu asiye raia wa Marekani. Siyo miaka saba, umewahi. Mimi nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Ada ya mtoto wa dada, dawa za mama, michango ya harusi, bati za nyumba ya bibi, rambirambi, kuna mwaka nilimnunulia baba mdogo ng'ombe. Nikakaa na simu, nikafungua kumbukumbu za kutuma hela, nikaandika jina, uhusiano, kiasi, mara ngapi. Mpekuzi alipokuja, mama wa makamo, aliniuliza: unamtumia mama yako kila mwezi kwa nini? Nikamwambia kwa sababu ni mama yangu. Akasubiri niendelee. Sikuwa na la kuendelea.

Mwisho nilipata. Naamini kilichonisaidia ni kwamba kiasi kilikuwa kidogo ukilinganisha na mshahara wangu, na kila shilingi ilikuwa na jina. Kwao msaada unaonyesha una wajibu kwa mtu aliye nje, na mtu mwenye wajibu anaweza kubanwa. Kwetu asiyetuma ndiye wa kutiliwa shaka. Fundi, andika zote.

#22 Jicho la Tatu
Kwa hiyo huyu anasema nchi, huyu bahati, mwingine pesa, wewe unasema uwazi. Kila mtu na dini yake. Mimi nasema ni rangi na jina. Mjerumani mwenye mama Munich hawezi kuulizwa "kwa nini unamtumia mama yako hela".

#23 Shangazi Zai
Mjerumani mama yake ana pensheni.

#24 Muhutu wa Portland
Amani kwenu. Mimi ni Mrundi, nilikulia kambi ya Mtabila, Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia. Kuna sababu hamjaitaja. Wapekuzi wanaogopa wasichoweza kuhakiki. Mtu wa Munich ana anwani, rekodi ya polisi, mwajiri anayepokea simu. Baba mkwe wangu hana cheti cha kuzaliwa, mwaka wa kuzaliwa alikadiriwa na karani wa kambi, jina lake limeandikwa kwa namna tofauti kwenye kila karatasi ya wakimbizi. Mimi mwenyewe tarehe yangu ni 1 Januari, kama nusu ya watu wote wa kambini. Faili langu lilikaa muda mrefu sana, na maswali mengi yalikuwa juu ya tarehe na tahajia, siyo juu ya Burundi ni nchi gani. Rafiki yangu wa kazini, mama yake yuko Brazil, alimaliza haraka. Nchi zote mbili hazina ugomvi na Marekani.

Fundi Nyaya, wakwe wa Ngozi: kusanya chochote walicho nacho sasa hivi, hata kadi ya ubatizo.

#25 Sajini wa Songea
Muhutu umenena. Hilo la tarehe nimelishuhudia kwa vijana wengi wa Kongo pia.

#26 Mzee wa Gerezani
Tusiwaseme Wamarekani tu. Kwetu 2001 si serikali iliamka ikasema Jenerali Ulimwengu si raia? Mtu kawa mkuu wa wilaya, kawa mbunge, ana magazeti yake. Na balozi Timothy Bandora, na Anatoli Amani wa CCM Kagera, na Maudline Castico wa Zanzibar. Wote kwa habari za wazazi wametoka wapi. Balozi mzima! Aliyempekua wakati anateuliwa alikuwa nani?

#27 Nyaraka
Hiyo ilikuwa uraia, mzee, siyo kibali. Ulimwengu alikuja kuupata baadaye. Lakini nakubali inafanana kwa harufu.

#28 Omwami254
Kenya angalau wameandika wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 78: afisa wa dola na mwanajeshi haruhusiwi uraia wa nchi mbili. Mnakumbuka Mwende Mwinzi, 2019, aliteuliwa balozi Korea Kusini, bunge likamwambia kwanza aukane uraia wa Marekani, akaenda kortini. Alizaliwa huko, hakuuomba. Ndugu wa nje Kenya hawaulizi sana, wangeuliza nusu ya serikali ingeenda nyumbani.

#29 Chuma Chakavu
Nusu tu?

#30 Fundi Nyaya
Nipo wakuu, nasoma kimya kimya. Asanteni. Sajini na Shangazi Zai mmenipa moyo, Nyaraka umenikosesha hamu ya kula.

Maswali mawili. Wale watoto wa baba kwa mama mwingine, nawaandika vipi wakati majina kamili sina? Na kuna baba mdogo aliyenilea toka darasa la tatu mpaka namaliza sekondari, kwangu yeye ndiye baba. Anaingia wapi?

#31 Dada wa Reston
Ndugu wa baba mmoja wanatajwa kwenye fomu, wote, uwe unawajua au la. Andika ulichonacho, palipobaki andika hujui na ueleze kwa nini: hatujawahi kuonana, mzee ndiye anawajua. Kisha mpigie mzee umuulize majina, maana mpekuzi atakuuliza kama ulijaribu.

Baba mdogo: fomu ina nafasi ya mlezi. Kama alikulea kweli, mweke hapo. Usimweke chini ya baba, baba unaye, wataona wawili wadhani unaficha kitu. Mpekuzi hana shida na ukubwa wa ukoo, ana shida na jina linalotokea kwenye simu yako lakini kwenye fomu halipo. Hapo unatoka Mwongozo B unaingia E, wa mwenendo. Na uongo wa makusudi kwenye ile fomu ni jinai ya shirikisho, hadi miaka mitano.

#32 Sajini wa Songea
Na ikitokea wakakuletea barua ya sababu, ile ya kukueleza kwa nini wanataka kukunyima, usizimie. Una siku 20 za kujibu, kwa wakandarasi unaweza kuomba kusikilizwa na jaji, unaruhusiwa wakili na mashahidi. Jibu kila kipengele.

#33 Bint Makadara
Ongeza pia kwamba shaka ikibaki haimwendei mwombaji. Mahakama ya Juu ilishasema 1988, kesi ya Egan, kwamba hakuna mwenye haki ya kibali, na wakikosea ni afadhali wakosee kwa kunyima. Kortini hawaingilii uamuzi wenyewe. Kuna jambo jingine maamuzi yale yamejaa: wakwe. Wanachukulia kwamba unawapenda wazazi wa mkeo kwa sababu unampenda mkeo, mpaka uonyeshe vinginevyo.

#34 Chuma Chakavu
Fundi, ukiulizwa unampenda mama mkwe jibu taratibu sana.

#35 Kaka wa Reading
Uingereza hapa. Kwetu shida ya kwanza ni ukaazi. Ile ngazi ya SC (Security Check) kwa kawaida wanataka miaka mitano ndani ya nchi, na DV (Developed Vetting), ya juu yake, miaka kumi, maana wasipoweza kuangalia ulikokuwa hawana la kupekua. Ndugu wa nje unawataja, wakaulizwa, yakaisha. DV ndiyo wanakukalisha wakikuuliza mpaka mambo ya chumbani. Hivyo namuunga mkono Muhutu, ni suala la kuhakiki zaidi kuliko damu.

#36 Jicho la Tatu
Uingereza walishawahi kuwa na majasusi kutoka Cambridge, watoto wa wakubwa wao wenyewe, wamehakikiwa na babu zao. Kuhakiki huko kuliwasaidia nini?

#37 Kaka wa Reading
Enzi hizo walihakikiana kwa tai ya shule tu.

#38 Salama Kijiweni
Naombeni kuuliza kwa sauti ndogo. Kuna mtu namjua, ni raia wa Marekani na pasi ya Tanzania bado anayo, anaitumia akitua Dar asilipe viza. Huyo akiomba kibali?

#39 Mangi Mkimya
"Mtu namjua" 😂

#40 Nyaraka
Kwa Marekani uraia wa nchi mbili peke yake haumwangushi mtu. Kabla ya 2017 Wizara ya Ulinzi ilitaka pasi ya nje isalimishwe, siku hizi wanataka uitaje, na kuingia na kutoka Marekani utumie ya Marekani. Tatizo la huyo mtu wako liko Dar. Sheria yetu ya uraia ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari, wa Tanzania umeondoka. Kwa hiyo hana uraia wa nchi mbili, ana pasi isiyo yake. Akimweleza mpekuzi hivyo anajieleza mwenyewe kwamba anaidanganya serikali moja ili aaminiwe na nyingine. Mkenya mwenye pasi mbili hana mzigo huo.

#41 Omwami254
Karibuni Kenya.

#42 Salama Kijiweni
Nitamfikishia ujumbe.

#43 Sajini wa Songea
Mwambie pia akishapata kazi, safari za nje anazitolea taarifa kabla hajaondoka. Msiba ukitokea ghafla unamwambia bosi kwa mdomo unakwenda, kisha taarifa kamili ndani ya siku tano za kazi baada ya kurudi. Na siku hizi hawasubiri tena miaka mitano au kumi kukupekua upya, wanakuangalia muda wote.

#44 Mzee wa Gerezani
Kwa misiba yetu si atakuwa anaandika taarifa kila wiki.

#45 Fundi Nyaya
Taarifa: nimeongea na mzee. Nimepata majina manane, mawili sikuwahi kuyasikia maishani mwangu, na mmoja kumbe yuko Guangzhou anafanya biashara ya spea.

#46 Jicho la Tatu
Guangzhou!!! Nilisema mimi.

#47 Dada wa Reston
Tulia wewe. Fundi, hujawahi kuwasiliana naye, humjui, huna maslahi naye. Mwandike hivyo hivyo, na kwa sababu hii mpya usianze sasa kumtafuta WhatsApp.

#48 Bint Makadara
Dada, China ni China. Mfanyabiashara Guangzhou ana leseni ya serikali ya huko, wataona hilo kabla ya kuona kwamba hawajuani. Mimi ningeongea na wakili kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.

#49 Shangazi Zai
Wakili kwa ajili ya ndugu ambaye hata hamjui? Hiyo hela amtumie mama yake.

#50 Mtoto wa Mbagala
Samahani naingilia. Nami niko kwenye fomu hiyo hiyo, nina kiwanja Kigamboni, kwa jina la mama kwa sababu mimi si raia tena. Hela ni yangu, hati ni yake. Wanauliza mali za nje. Naandika au siandiki?

#51 Nyaraka
Wanauliza pamoja na mali inayoshikiliwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Andika.

#52 Chuma Chakavu
Akiandika ni chake, basi Kigamboni atakuwa mgeni anayemiliki ardhi kinyume cha sheria ya ardhi. Asipoandika kawadanganya Wamarekani. Nyaraka hapo unasemaje?

#53 Nyaraka
Nasema amwone wakili wa kwetu kwanza, kisha wa huko. Kama alimpa mama zawadi ya hela, mama akanunua, ni mali ya mama na yeye anaandika tu msaada wa kifedha kama Shangazi Zai. Kama wana makubaliano kwamba ni chake, ni hadithi nyingine.

#54 Mtoto wa Mbagala
Makubaliano ni ya mdomo. Na mama ameshajenga fremu mbili za duka bila kuniuliza.

#55 Shangazi Zai
Basi swali limejijibu, kiwanja cha mama. Kodi ya fremu anapokea nani?